Wosia wa Mama
Mama alipoanza kusahau kama ameshameza dawa zake za presha, tulikaa naye sebuleni kwake Buruburu tukamwomba, kwa heshima zote, tuzungumzie wosia. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama tumemchoka.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inataka wosia wa maandishi uwe na mashahidi wasiopungua wawili, na shahidi aliyeachiwa mali humo hupoteza fungu lake isipokuwa wapo wengine wawili wasio na maslahi.

Lililonishughulisha zaidi ni utunzaji wake akiwa hai. Nilidhani hati ya uwakili aliyonipa ili nimkusanyie kodi ya nyumba ingetosha, kumbe hati ya kawaida hukoma mwenye kuitoa anapopoteza akili timamu, yaani pale hasa inapohitajika, na hapo familia hulazimika kuiomba mahakama iteue msimamizi wa mali yake.

Kwa hiyo tulimwomba daktari athibitishe kwa maandishi uwezo wa akili wa Mama siku ileile ya kutia sahihi wosia. Mashahidi walikuwa majirani wawili. Mimi na dada yangu tulingoja varandani, tukiwasikia wakicheka ndani.