Siku Tuliyogawana Upepo

Katika safari ndefu ambazo mimi na mke wangu tumefunga kwa baiskeli, tukiwa tumepakia hema, jiko na mifuko ya kulalia, siku ninayoikumbuka kwa undani zaidi ni ile tuliyokabiliana na upepo wa mbisho tangu asubuhi hadi jioni, kwenye barabara tambarare isiyokuwa na mti wala kilima cha kutukinga. Mlima una kilele, na anayeupanda anajua kwamba mteremko unamsubiri. Upepo hauna ahadi kama hiyo. Tena nguvu yake hukua haraka kuliko mtu anavyodhani, kwa kuwa kasi ya hewa inayomkabili mwendeshaji ikiongezeka mara mbili, ukinzani wake huongezeka mara nne, na mabegi yaliyofungwa pembeni mwa magurudumu huupa upepo mahali pengine pa kusukuma.

Tulikubaliana kupokezana. Mmoja alitangulia kupasua hewa, mwingine akamfuata kwa karibu ili ajikinge nyuma yake, na baada ya muda tukabadilishana. Kazi ya aliye mbele huchosha miguu, lakini ya aliye nyuma huchosha macho, maana haoni barabara vizuri, humtegemea mwenzake amwonyeshe shimo kwa mkono, na gurudumu lake la mbele likigusa la nyuma la mwenzake, anayeanguka kwa kawaida ni yeye. Ndiyo maana naamini kabisa kwamba mwendo lazima upangwe na aliye nyuma. Aliye mbele hawezi kuona pengo linapofunguka, na likishapita mita chache kinga hupotea, mwenzake akabaki kupambana peke yake na miguu iliyokwisha kuchoka. Mke wangu aliposema "punguza", nilipunguza. Nami niliposema hivyo, alipunguza bila kuuliza sababu.

Ni yeye aliyeusikia mlio mkali wa chuma kwenye baiskeli yangu, mchana, akiwa nyuma yangu.

"Mume wangu, simama. Spoki imekatika."

Ilikuwa imekatika pale inapojipinda kuingia kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, na ringi ilikwisha kuyumba kiasi cha kusugua breki. Bahati ilikuwa kwamba ni ya upande wa kushoto, kwa hiyo hatukulazimika kufungua friwili, yaani gia za nyuma zilizo upande wa kulia. Tulishusha mizigo, tukapindua baiskeli, naye akapitisha spoki ya akiba katikati ya zile za jirani kwa mpangilio ule ule wa ile ya zamani, kisha akaikaza. Baada ya hapo alizungusha gurudumu polepole, jicho lake likiwa kwenye uwazi mwembamba kati ya ringi na mpira wa breki, na kila ringi ilipousogelea mpira alikaza nati ya spoki ya upande mmoja kwa robo mzunguko au kulegeza ya upande wa pili, akazungusha tena, akatazama tena. Nilishikilia baiskeli isitikisike. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi ya subira kiasi kile huku upepo ukimpiga vumbi usoni.

Gurudumu la nyuma ndilo hubeba sehemu kubwa ya uzito, kwa hiyo tuligawa mizigo upya. Lita moja ya maji ni kilo moja, nasi tulikuwa na maji mengi. Tuliyahamishia kwenye mabegi yangu ya mbele, naye akaomba hema.

"Magurudumu yangu ni mazima," alisema. "Lete."

Hatukufika tulikokusudia. Jua lilipoanza kushuka tulipata tuta la udongo kando ya uwanda, tukasimamisha hema ncha yake nyembamba ikielekea upepo, na vigingi vya upande huo tukavipigilia kwanza. Upepo ulitushawishi tuingize jiko ndani, jambo ambalo hatulifanyi kamwe, kwani moto ndani ya hema huweza kuunguza kitambaa na hutoa monoksaidi ya kaboni, gesi inayoua bila harufu. Tulipanga mabegi yakawa ukuta, tukapika nje nyuma yake.

Tulipokuwa tukila tulikubaliana kuondoka alfajiri, kwa sababu upepo wa nchi kavu mara nyingi huwa dhaifu kabla jua halijaipasha ardhi joto. Mke wangu alitaka atangulie yeye kwanza, nami nikakubali.