Baridi ya Mbeya na nepi zisizokauka

Tulihamia Mbeya kutoka Mombasa mwezi Juni, na mtoto wa miezi saba. Hakuna aliyetuambia kwamba Tanzania nako kuna baridi ya kutetemesha meno! Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Nepi zilikaa kambani siku mbili bila kukauka, nikaanza kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku.

Jirani, mama wa Kinyakyusa, alipoliona alinikemea: "Mwanangu, unataka kuwaua? Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu."

Jiko likarudi nje. Sokoni Mwanjelwa nikanunua blanketi zito na masweta ya mitumba. Nepi nafua alfajiri, naanua kabla ya umande. Ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, mama. Mume wangu bado analala na soksi.