Siku moja maishani mwangu: spana asubuhi, magurudumu manane jioni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Napiga mswaki nikiwa nimesimama mguu mmoja. Dakika moja wa kulia, dakika moja wa kushoto, mkono ukiwa tayari kuushika ukuta wa bafu mambo yakiharibika. Ndiyo kazi ya nyumbani tuliyopewa na kocha: kifundo cha mguu ambacho hakijazoea kuubeba mwili peke yake ardhini hakitaubeba juu ya magurudumu. Mke wangu ameshazoea. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Mambrui kututembelea, bado. Jana alisimama mlangoni akanitazama, kisha akauliza kama mguu unaniuma.

"Hapana mama, najifunza mchezo."

Akamgeukia binti yake, kama vile swali sasa limehamia kwake.

Mimi ni fundi wa pikipiki na tuktuk hapa Malindi, arobaini inanipigia hodi, na ndiye mwanafunzi mkubwa kuliko wote kwenye klabu yetu ndogo ya skeiti za sanaa. Tuelewane mapema: simo miongoni mwa wale vijana wanaoshika nyuma ya lori barabara ya Lamu na kuburutwa hadi Sabaki. Hao Mungu awalinde. Mchezo wetu ni ule unaouona kwenye runinga, wa watu kuzunguka kama pia na kuruka hewani, ila wao wako juu ya barafu na sisi tuko juu ya saruji, kwa viatu vya magurudumu.

Saa moja

Mahamri, mbaazi za nazi, chai. Siku ya mazoezi nakula kidogo mchana, kwa hiyo hapa sijizuii.

Saa mbili hadi saa sita

Gereji. Bodaboda ya kwanza ina cheni iliyolegea, ya pili kabureta imejaa uchafu, kisha tuktuk yenye breki inayolia mpaka abiria wanashuka kabla ya kufika. Sitawachosha na haya. Kilichokuja kunishangaza ni namna kazi hii ilivyonitayarisha kwa mchezo bila mimi kujua.

Kiatu cha skeiti cha mtindo wetu kina magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma, kila jozi kwenye ekseli yake, na kila ekseli imekaa juu ya bushi za mpira. Ukiegemea upande mmoja wa mguu, bushi inabonyea, ekseli inapinda, na kiatu kinakata kona chenyewe. Aliyebuni mpangilio huo ni Mmarekani James Plimpton, mwaka 1863 jijini New York. Kabla yake watu walikuwa na viatu vya magurudumu vinavyokwenda mbele tu, na ukitaka kukata kona unavuta mguu kwa nguvu na kuomba dua. Plimpton alitatua jambo hilo kwa mpira na mhimili wa mshazari. Ni suspensheni ndogo. Nilipofungua kiatu changu kwa mara ya kwanza na kuona nati kubwa ya katikati, nilicheka: ilegeze kidogo, kiatu kinapinda kwa urahisi, ikaze, kinakuwa kigumu kama mzee asiyetaka ushauri. Wenzangu klabuni sasa wananiletea viatu vyao nivirekebishe nati hiyo kulingana na uzito wa kila mmoja. Ada yangu ya mwezi hulipwa kwa kazi hiyo, na sioni aibu kusema nimependa mpango huo.

Saa nne hivi kijana mmoja wa bodaboda anasubiri gurudumu lake liunganishwe. Anaona begi langu ukutani, mdomo wa buti jeupe umetokeza.

"Fundi, hivyo si vya watoto?"

"Namba arobaini na tatu. Mtoto gani ana mguu huo?"

"Lakini fundi, mtu mzima kama wewe, ukianguka mbele ya watu?"

Nikamwambia somo la kwanza kabisa huwa ni kuanguka. Hakuamini. Lakini ndivyo: unakunja magoti, unachuchumaa, unajiachia kwa upande juu ya nyama ya paja, vidole umevikunja ngumi ili asipite mwenzako akavikanyaga. Halafu unajifunza kuinuka: goti moja chini, mguu mmoja mbele, mikono juu ya goti, unasimama. Asiyetaka kuanguka huwa anajikaza, na mwili uliokazwa ndio unaovunjika kiwiko.

Saa saba

Swala, kisha kivuli cha mwarobaini, wali kidogo na mchuzi wa samaki. Mwanagenzi wangu ananionyesha video kwenye simu, na leo nimemshika nikamwonyesha ya kwangu: Surya Bonaly, Mfaransa mweusi, Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998. Aliruka sarakasi ya kinyumenyume na kutua kwa mguu mmoja juu ya barafu, na mruko huo ulikuwa umepigwa marufuku tangu miaka ya sabini. Alijua atakatwa alama. Akaufanya tu. Alimaliza wa kumi, na leo watu wengi wanamkumbuka yeye kuliko baadhi ya waliomshinda. Shirikisho la kimataifa liliondoa marufuku hiyo mwaka 2024.

Kijana akasema, "Nagano si ndiko alikokwenda Boit?"

Nikafurahi. Michezo ileile kabisa. Philip Boit, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki za majira ya baridi, aliteleza kilomita 10 kwa skii akamaliza wa 92, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei akamngoja mstarini ampongeze. Kwa hiyo mtu akiniambia michezo ya kuteleza haituhusu watu wa joto, huwa naanzia hapo. Na kama hiyo haitoshi namtajia Debi Thomas, Mmarekani mweusi aliyechukua shaba ya skeiti za sanaa za barafu kwenye Olimpiki ya Calgary, 1988.

Barafu yenyewe sijaikanyaga. Jijini Nairobi, katika hoteli ya Panari kwenye barabara ya Mombasa, ulifunguliwa uwanja wa barafu mwaka 2005, na kutoka hapa ni kama kilomita 600. Malindi barafu tunayoijua ni ya masanduku ya samaki.

Saa tisa

Biashara imepoa, jua linachoma bati. Huu ndio wakati wangu wa beringi.

Kila gurudumu lina beringi mbili, kwa hiyo kwa viatu vyote viwili ni kumi na sita. Ni za namba 608: tundu milimita 8, kipenyo cha nje 22, unene 7. Chumvi ya bahari ya huku inazila. Ukiviacha viatu sebuleni dirisha likiwa wazi msimu wa kusi, baada ya muda gurudumu linaanza kusaga kama kinu. Dawa ni kuzitoa, kubandua kifuniko, kuziosha kwa petroli kidogo mbali na moto, kuzikausha vizuri, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja. Vijana hupenda kujaza grisi ya pikipiki, wakidhani wingi ndio ulinzi, kumbe grisi nzito inabana gololi na kukusanya mchanga.

Viatu hivi nilivinunua mtumba kwa bibi mmoja wa Kiitaliano, mteja wangu wa muda mrefu mwenye skuta. Vilikuwa vya mume wake. Wenyeji hawatashangaa, Waitaliano wa Malindi tumeishi nao kiasi kwamba mtoto wa Maweni anakuomba pesa kwa Kiitaliano kabla ya Kiswahili. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kwao skeiti za sanaa za magurudumu ni mchezo mkubwa, wanafundishwa tangu wadogo na wametoa mabingwa wengi wa dunia. Bibi yule alishika kiatu, akazungusha gurudumu kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa. Akaniagiza nibadilishe magurudumu: yale yalikuwa magumu ya ukumbini, ya zaidi ya 90A kwa kipimo cha ugumu. Kwa saruji ya nje unataka laini, 78A hadi 85A, yanameza vijiwe. Nilimsikiliza. Magoti yangu yanamshukuru.

Saa kumi na robo

Tunafanyia mazoezi kwenye maegesho ya hoteli iliyofungwa upande wa Casuarina. Bawabu ni mzee wa Kigiriama, mkarimu, na sharti lake ni moja tu: tuondoke kabla hajaanza kufunga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mivinje imemwaga tena."

Hapo ndipo penye kazi ambayo haimo kwenye video yoyote. Mivinje inaangusha majani kama sindano na vile vijitunda vyake vyenye miba, na upepo unaleta mchanga kutoka ufuoni. Kijitunda kimoja kikiingia chini ya gurudumu la mbele, gurudumu linakwama na wewe unaendelea na safari. Kwa hiyo kabla ya somo kila mtu na ufagio wake, kuanzia kocha hadi mtoto wa miaka saba. Nusu saa nzima. Mzazi mmoja mpya leo aliuliza kama ada haijumuishi usafi. Kocha akampa ufagio.

Saa kumi na moja kasoro robo

Kocha ni binti wa miaka ishirini na kitu, alijifunzia Nairobi. Namwita mwalimu, naye ananiita ami, na hapo heshima inaishia. Akishapiga filimbi hakuna cha ami.

Helmeti, vikinga vya magoti, viwiko na viganja. Anayeingia klabu anaazimwa hivyo na viatu kwa masomo ya mwanzo, na nawashauri wote wanaoniuliza: usinunue chochote kabla ya kuazima. Angalia pia kama kocha anawagawa watu kwa kiwango au anawatupa wote pamoja. Sisi tuko makundi matatu. Mimi ni wa kati, pamoja na wasichana wawili wa darasa la saba ambao hawana huruma.

Tunaanza na samaki: visigino pamoja, vidole nje, unasukuma miguu itanuke halafu unairudisha, na magurudumu yanachora umbo la samaki. Mbele, kisha kinyumenyume. Baada ya hapo kuteleza mguu mmoja, na hapo mswaki wa alfajiri unaanza kulipa.

Halafu duara. Kocha amefunga kamba ya mita tatu kwenye mguu wa kiti na kuchora kwa chaki mviringo wa mita sita. Unaufuata mstari kwa mguu mmoja, mwili umeegemea ndani, bila kuyumba. Kwanza ukingo wa ndani wa mguu, baadaye ukingo wa nje. Zamani kwenye barafu mashindano yalikuwa na sehemu nzima ya kuchora maumbo kama hayo, na waamuzi wakiinama kukagua alama za bapa. Shirikisho la barafu liliiondoa baada ya 1990, watazamaji walikuwa wakisinzia. Mimi ningelipa kiingilio kuitazama. Ukingo wa nje ndio unaotenganisha anayejua na anayejaribu: unatakiwa kuegemea upande ambao hakuna mguu wa kukudaka, na mwili mzima unakataa.

"Ami, unaangalia chini!"

"Naangalia chaki, mwalimu."

"Chaki haitatoroka. Tazama unakokwenda. Bega la kushoto nyuma!"

Niliposhusha bega, kiatu kikaingia kwenye mstari chenyewe. Mguu ulikuwa sawa muda wote, kilichokuwa kikinitoa ni bega. Ni kama pikipiki inayovuta kulia: mteja anakuonyesha tairi, na ubovu uko kwenye fremu.

Mwishoni, mruko. Wetu ni ule mdogo kabisa, nusu mzunguko: unaondoka ukitazama mbele kwa ukingo wa nje wa mguu wa kushoto, unageuka hewani, unatua wa kulia ukienda kinyumenyume. Ukiongeza mzunguko mmoja kamili unapata Axel, uliopewa jina la Axel Paulsen wa Norwei, aliyeuruka 1882. Ndiyo maana Axel moja ni mzunguko mmoja na nusu. Ndio mruko pekee kati ya ile sita mikuu unaoanza ukitazama mbele. Ilia Malinin, kijana wa Marekani, aliufanya wa mizunguko minne na nusu mwaka 2022, wa kwanza kuufanya mashindanoni.

Wangu wa nusu uliinuka juu ya ardhi kiasi cha kupitisha bahasha. Nilitua, nikaenda nyuma mita mbili, nikasimama. Msichana mmoja wa darasa la saba akaniambia, "Ami, mikono yako ilikuwa kama unafukuza kuku." Mwenzake akapiga makofi lakini. Nachukua hayo makofi.

Saa kumi na mbili

Bawabu anagonga funguo kwenye geti. Tunavua viatu, tunahesabu vya kuazima. Vimebaki vya namba 38 ambavyo havina mtu: watoto ni wadogo kwavyo, na mimi hata kidole gumba hakiingii. Kocha anasema akikosa mtu ataviuza. Nikimbilie Magharibi.

Saa mbili usiku

Ugali, mchicha, papa wa nazi. Mama mkwe anataka kuona huo mchezo wenyewe, kwa hiyo namwonyesha video aliyonirekodi kocha. Anaitazama mara mbili. Anasema nimenenepa.

Mke wangu anachukua simu, anairudisha nyuma hadi pale watoto wanapofanya samaki, anasimamisha.

"Hawa wanaovaa vya kuazima, wanalipa ngapi?"

"Mia moja hamsini kwa somo."

"Na kina mama wapo?"

"Mmoja. Anakuja Jumamosi."

Anakata kipande cha ugali, anachovya, anatafuna taratibu.

"Mwambie huyo kocha asiuze vile vya thelathini na nane."