Harusi ya mama mdogo na kaseti za Gabon

Waliokulia Ujiji miaka ya themanini sina haja ya kuwaeleza sana. Africa No. 1, redio ya Libreville, Gabon, iliyokua inatangaza kwa Kifaransa, sisi tulikua tunaiita Afrika Nimero An, vile vile mtangazaji alivyokua anaitamka, na ukimkuta kijana jioni kakaa chini ya mwembe redio iko sikioni basi ujue yuko huko, mita 31, 9580, sindano hata haisogezwi. Kifaransa hatujui, bonjua tu basi. Ila mziki bwana! Franco, Tshala Muana, Kassav' na zouk yao ndo wanatamba, makossa ya Kameruni, halafu ghafla unapigiwa Michael Jackson, halafu huyoo wanarudi tena Zaire. RTD, yaani Redio Tanzania ya Dar, tuliipenda, mpira na salamu na taarifa ya habari nani angekosa, lakini hawa jamaa wa Libreville walikua wanamwaga tu mziki.

Na kuna usiku ilikua inashika kuliko Dar. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba mitambo yao ilikua Moyabi, ndani huko kusini mashariki mwa Gabon, imewashwa 1981, mitambo ya kilowati 500 mmoja mmoja, na kutoka huko mpaka kwetu Ziwa Tanganyika ni kama kilomita 1,800 hivi. Mawimbi mafupi hayatambai chini, yanapanda juu yanagonga tabaka la anga yanarudishwa ardhini mbali huko, kwa hiyo aliye karibu anaweza kukosa na wa mbali akapata safi. Tatizo hilo tabaka halitulii, sauti inajaa, inapungua mpaka unadhani betri imekwisha, halafu inarudi tena imejaa. Tulizoea.

Sasa 1986 mama mdogo anaolewa. Wazee wana taarab yao na wakina mama wana lelemama yao, vijana tukaahidiwa disko usiku baada ya pilau. Kaseti zilikua zije toka Kalemie, ng'ambo ya ziwa kule Zaire, na rafiki yake mjomba, mtu wa vitenge, ila ilikua ni kiangazi, upepo wa kusi unavuma ziwani vibaya mno, boti haziondoki. Yule mzee alikua keshavuka mapema na mzigo wa vitenge, kaseti kaziacha kwa mdogo wake azilete nyuma, basi mdogo mtu akakwama ng'ambo na kaseti zake. Mjomba akakaa kimya akavuta sigara yake, akasema hakuna shida, tutazitoa hewani.

Mjomba alikua na redio kaseti ya National, ile kubwa ya spika mbili, inameza betri sita kubwa na betri wakati huo kuzipata mpaka ujuane na mwenye duka. Akakopa. Kaseti tupu hakuna, zikachukuliwa za mawaidha za babu, unabandua kipande cha karatasi unakitafuna kidogo unakishindilia kwenye vile vitundu vya juu ili ikubali kurekodi. Babu hakuulizwa. Mimi nikapandishwa juu ya mwembe na waya wa shaba nikaufunga kwenye tawi, ncha ya chini ikazungushiwa kwenye eriali, na kweli ikatulia. Tukakaa uani giza totoro, marufuku kuongea, ingawa redio inajirekodi yenyewe kwa ndani na hata ungepiga kelele isingeingia, ila mjomba alikua hataki utani. Rekodi na plei unabonyeza kwa pamoja, mtangazaji akianza kuongea unabonyeza pozi, mziki ukirudi unaachia.

Saa sita juu ya alama wakaweka habari. Mjomba akaziacha zipite ziingie kwenye kaseti, makusudi, maana pozi ilikua imeshaanza kulegea na aliogopa akiibonyeza tena haitarudi, bora habari kidogo kuliko kukosa mziki wote. Ni uamuzi wa kiufundi, mpaka leo naona alikua sahihi.

Siku ya siku redio ikaungwa kwenye amplifaya ya kukodi na betri ya gari, spika ya tarumbeta ikatundikwa. Emsii alikua jirani yetu fundi cherehani, mtu wa maneno huyo. Mziki ukaanza na watu wakacheza, wallahi sijaona tena disko kama lile, kwa sababu sauti ilikua inakwenda na kurudi basi watu nao wakajua namna ya kuifuata, ikipungua wanajishusha taratibu mpaka karibu na chini wanatikisa mabega tu, ikijaa wanaruka wote na vumbi juu. Wageni wa Kigoma mjini wakadhani ndo staili mpya imetoka Zaire.

Katikati ya raha, mara paap, habari. Mtangazaji na sauti yake nzito ya heshima. Watu wakasimama wanaangaliana. Bibi akauliza kwa sauti kutoka kwenye mkeka, "Huyo mgeni nani, mbona hamjamkaribisha chakula?"

Fundi akadaka maiki. "Mabibi na mabwana naomba utulivu, tunapokea salamu kutoka Libreville, kwa niaba ya Rais Bongo wa Gabon." Vigelegele. Mtangazaji akiendelea fundi anainamisha kichwa anasikiliza kama anaelewa kweli, akipumua tu fundi anatafsiri: anawatakia maharusi watoto wengi, anasema angekuja mwenyewe ila ni huu upepo wa ziwani. Na kumbe mle kwenye habari mtangazaji si akalitaja jina lenyewe, prezidaa Bongo, wazi kabisa, kila mtu kasikia! Hapo hata waliokua na mashaka wakaisha.

Mimi nilikua nimekaa karibu na yule mzee wa vitenge wa Kalemie, Kifaransa kakisoma shule, nikaona pilau inamtoka puani. Akaniinamia sikioni: "Mutoto, ile anasema ni mambo ya mafuta, beyi imeanguka, serikali haina tena makuta." Makuta kwao ndo pesa. Na kweli mwaka ule mafuta yaliporomoka mpaka kama dola 10 kwa pipa na Gabon walikua wanakula mafuta tu, ila hayo ndo nayajua sasa.

Fundi akamwona anacheka akaona bora amuwahi. "Mzee wangu, wewe lugha unaijua, mimi nimesema uongo?"

Mzee akasimama, akaweka kofia sawa, ukumbi wote kimya. "Ni vile vile," akasema. "Tena umesahau, amesalimia na wakwe." Akakaa. Upande wa bwana harusi wakapiga makofi mpaka basi, shangazi mmoja akatoka kutunza spika, akaibandika noti.

Kaseti ikaendelea mpaka mwisho wa upande ambako kulibaki kipande cha mawaidha hakikufutwa, shehe akaanza kuonya kuhusu ngoma za usiku, mjomba akaizima mbio.

Asubuhi babu akakaa na daftari la michango anaangalia nani katoa na nani bado. Katibu wa kamati alikua mwalimu, mtu wa kuandika kila kitu, hana mchezo. Babu akapitisha kidole majina yote, akafika chini kabisa, akavua miwani akaifuta akavaa tena.

"Huyu Gabon, hapa ameandikwa ahadi," akasema, "ni wa kwetu au wa upande wa wakwe?"