Masika imeisha, njiwa wanapangiwa vyumba

Wiki hii nimewarudisha pamoja madume na majike. Masika yote nilikuwa nimewatenga, madume upande huu wa waya, majike upande ule, na kila anayepita hapa uani kwetu Ngamiani lazima aulize we unawanyima viumbe wa watu haki yao kwa nini. Bwana, njiwa wa huku Tanga hawana msimu, ukiwaachia wanataga mwaka mzima, kinda hajatoka kiotani mama yake ashaweka mayai mengine, na mvua zikikolea mbu wanajaa, mbu ndo wanaobeba ndui, asubuhi unakuta makinda wametoka vinundu mdomoni na kuzunguka macho mpaka hawaoni chakula. Bora wapumzike, wanyonyoke manyoya yao, wanenepe kidogo, alafu tuanze upya.

Sasa watu wengi wanadhani kupanga jozi ni kumshika dume na jike unawatupia banda moja, basi watajuana. Watajuana kweli, ila watajuana kwa ngumi. Madume wakiingia banda halina mpangilio kila mmoja anataka boksi la juu kabisa kwenye kona, na njiwa unavyomwona mpole hivyo akishika kisogo cha mwenzie anachuna mpaka ngozi inatoka, sijui nani alimfanya huyu ndege kuwa alama ya amani.

Kwa hiyo mi naanza na nyumba. Maboksi ni ya mbao za makasha, kila moja upana kama sentimita 60, kimo na kina 40, mlango wa waya nusu na mbao nusu. Ndani vibakuli viwili vya kutagia, vitako vya ndoo za rangi nimevikata na kuvilaza pande mbili tofauti. Viwili kwa sababu makinda wakifika kama wiki tatu wazazi wanaanza kutaga tena, na kama kibakuli ni kimoja mayai yanakanyagwa au yanavingirishwa nje. Anayekuuzia boksi dogo la kibakuli kimoja huyo hajafuga, anauza mbao tu.

Dume anaingia kwanza peke yake. Namfungia humo na maji na mtama, anakaa mpaka boksi analiona mali yake, utajua tu maana ukipitisha mkono anakupiga bawa, paa! Hapo ndo namleta jike, nampitishia upande wa pili, katikati kuna kipande cha waya. Wanaonana, hawagusani. Dume anajivimbisha shingo, anajizungusha, anavuma guu-guu-guu, mkia unafagia sakafu, jike anajifanya hamwoni anadonoa ukuta. Siku ya kwanza huwa hivyo. Baadaye ukiona jike anasogea kwenye waya, anainamisha kichwa, dume anamchokonoa manyoya ya shingo taratibu, toa waya. Asiposogea usilazimishe, badilisha mtu.

Hapa ndo nabishana na watu kila siku. Wanasema njiwa akioa kaoa, akifiwa na mwenzie anakufa kwa simanzi. Mi nilichokiona humu bandani ni kwamba kinachowashika sana ni kile chumba. Dume wangu wa kijivu, yule wa mistari miwili kwenye bawa, jike wake alibebwa na paka. Dume hakwenda popote, alikaa mlangoni kwa boksi lake akivuma usiku na mchana, na jike mwingine, ambaye mume wake alikuwa mzima kabisa ila kanyang'anywa boksi, akahamia kwake kabla wiki haijaisha. Simanzi iko wapi? Yule dume asiye na boksi akabaki kwenye fito kama mpangaji aliyetolewa vyombo nje.

Nilimweleza mzee mmoja wa barabara za huku juu, amefuga toka ujana wake, nikamwambia shikamoo babu, nina swali, huyu jike ni malaya au vipi. Akacheka sana. "Marahaba mjukuu wangu. Malaya gani? We ungetaga mayai barabarani?"

Basi. Na ndo yeye aliyenifundisha kutowaachia wote siku moja. Jozi ikishakubaliana nafungua boksi lao peke yao jioni, wengine wote wamefungwa, wanazunguka banda, wanakunywa maji, wanaona fito, alafu giza likianza lazima warudi mahali pa kulala na wanarudi kwao. Kesho zamu ya jozi nyingine. Kama kuna anayeingia chumba cha mwenzie namtoa namrudisha kwake, hata mara kumi, mpaka waelewe. Inachosha, mama watoto anasema ningewapa wanangu muda huo wangekuwa maprofesa.

Ninachokipenda zaidi ni ujenzi. Namwaga chelewa za fagio zilizokatwa fupi fupi pale chini sakafuni, dume anashuka anachagua, anaokota moja anaitupa, anaokota nyingine anaitikisa, hiyo ndo anaipenda. Moja tu, hachukui mbili. Anaruka nayo mpaka kwenye kibakuli ambako jike ameshakaa, anamkanyaga mgongoni kabisa bila adabu, anaishusha ile chelewa mbele yake kupitia begani, na jike bila kuinuka anaivuta kwa mdomo anaichomeka chini ya kifua. Dume huyo tena chini. Asubuhi nzima. Mwisho kiota chenyewe hovyo, vijiti vimelala kama vimeanguka tu, lakini yai halitoki.

Toka wapandane mpaka yai la kwanza ni kama siku nane hadi kumi. Hapo katikati dume anakuwa kero, anamfukuza jike kila anapotua arudi chumbani, hamwachi hata ale vizuri, ndo maana choroko na mahindi ya kuparaza naweka na mle ndani ya boksi, pamoja na maganda ya chaza niliyoyaponda, ufukweni yako bure. Yai la kwanza linakuja jioni, siku moja inapita, la pili mchana wa siku inayofuata. La kwanza hawalilalii sana, wanalisimamia tu, wanasubiri mwenzie ili makinda watoke pamoja. Kuanzia hapo hesabu siku 17 mpaka 19. Dume anaingia zamu kama saa nne asubuhi anatoka saa kumi jioni, usiku ni wa mama. Siku ya tano namulika yai kwa tochi ya simu, ukiona mishipa myekundu imetanda kama buibui mambo safi. Ukikuta mayai manne kwenye kibakuli ujue umeoza majike wawili, inatokea sana, kwa macho hawatofautiani kirahisi.

Dirisha nimeziba kwa waya mdogo kwa sababu ya kunguru. Hawa waliletwa Zanzibar toka India miaka ya 1890 eti wale takataka, saivi wako pwani yote na kazi yao ni kula mayai ya watu.

Imebaki jozi moja tu haijakaa, yule jike mwekundu wa miguu manyoya, kila dume anampiga. Nitamjaribu na mzee wa kijivu. Na kuna kijana hapa jirani anataka kununua jozi ambayo imeshatulia, anasema yeye hana muda wa kulea. Nimemkatalia, nimemwambia subiri makinda, wakifika mwezi mmoja wanajilisha wenyewe na hawajaruka nje bado, hao watajua kwako ndo kwao. Wakubwa nikikuuzia leo, siku utakayofungua banda wataruka juu ya mabati yako mara mbili, tatu, na saa hiyo hiyo wako hapa kwangu. Anasema atawakata mbawa. Mbawa zinaota, mdogo wangu.