Kukamata nondo si kazi, kazi ni jina

Jumamosi dada alinipigia simu, nikamwambia nimeshinda asubuhi nzima nahesabu nondo. "Kumbe umepata kazi ya ujenzi?" Nikacheka mpaka nikakohoa. Si zile za chuma, dada, ni hawa wanaofuata taa usiku.

Hapa Uingereza hii ni burudani ya watu wazima na akili zao. Aliyeniingiza ni mzee jirani yangu, mstaafu. Jioni unaweka sanduku bustanini, juu taa kali, ndani trei za mayai za karatasi. Nondo wakishaingia hujibanza kwenye vile vishimo mpaka asubuhi. Unawatazama, unawaandika, unawaachia.

Tatizo ni hapo kwenye kuandika. Nchi hii ina aina zipatazo 2,500 za nondo, na wengi naona wameshonewa kitambaa kimoja, rangi ya udongo mkavu. Yupo mmoja, Hoplodrina octogenaria, ambaye jina lake la Kiingereza maana yake ni "asiye na uhakika". Wenyewe walisalimu amri zamani!

Wiki iliyopita nilipata mkubwa wa kahawia, mgongo unang'aa kama umepakwa mafuta. Programu ya simu ikanitajia Amphipyra pyramidea bila hata kusita. Lakini ana pacha wake, Amphipyra berbera, na kinachowatofautisha kiko chini ya bawa la nyuma. Picha ya mgongoni imeonaje huko? Nikamtia kwenye kikopo cha plastiki, nikamweka kwenye friji nusu saa. Baridi haimdhuru, humtuliza tu. Kisha nikamgeuza taratibu kwa brashi ya rangi. Kwa pyramidea, upande huo una manjano iliyopauka na rangi ya shaba imebaki kwenye ukingo wa nje. Kwa berbera, shaba hupanda ubavuni kuelekea shina la bawa. Mabawa yalikwisha kuanza kutetemeka, ana joto tayari. Shaba ilikuwa imepanda. Berbera! Nikapiga kelele peke yangu jikoni.

Wale wa kijivu wenye alama nyeusi kama vijambia ndio walionishinda. Acronicta psi na Acronicta tridens wakiwa viwavi hutawachanganya: psi ana mstari mpana wa manjano mgongoni na nundu nyeusi ndefu, mwenzake nundu yake fupi. Wakishaota mabawa, basi. Itabidi upasue na kutazama via vya uzazi kwa hadubini, yaani umuue kwanza. Kwa ajili ya jina? Mimi naandika "psi au tridens" na kugeuza ukurasa. Mzee naye huandika hivyohivyo, miaka yote hiyo aliyofanya.

"Sasa ukishajua jina unamfanya nini?" dada akauliza.

Namwachia. Ila namficha kwanza kwenye majani mazito, maana kuna ndege mmoja mwenye kifua chekundu amekwisha kujua ratiba yangu, na kila asubuhi namkuta juu ya uzio ananisubiri.