Wanamapinduzi waliomalizana wenyewe

Nimeangalia filamu ya United Red Army ya mwongozaji Mjapani Koji Wakamatsu, ya mwaka 2007. Dakika 190! Sehemu ya kwanza ni kama somo la historia: migomo ya wanafunzi Japani miaka ya 60, majina yanapita mbio mpaka unachoka. Vumilia tu.

Halafu vijana wa kundi hilo la United Red Army wanapanda milimani, baridi ya 1971 kuingia 1972, kujiandaa kwa vita vya mapinduzi. Polisi hawaonekani, adui hayupo, wanageukiana. Viongozi wao, Tsuneo Mori na Hiroko Nagata, wanamtaka kila mmoja ajikosoe mbele ya wenzake, na jibu halitoshi kamwe. Waliokufa kule kambini ni 12, na hayo si ya kutungwa. Mmoja wao, Mieko Toyama, alisakamwa kwa sababu ya pete na vipodozi. Akaamriwa ajipige ngumi usoni kwa mikono yake mwenyewe. Hapo nilisimamisha filamu, nikaenda kunywa maji.

Pesa ya filamu ilikuwa ndogo, ikabidi Wakamatsu atoe nyumba yake igeuzwe Asama-Sanso, ile nyumba ya mapumziko ambamo watano kati yao walijifungia siku kumi pamoja na mateka. Ikavunjwavunjwa kweli. Kamera haitoki nje. Polisi unawasikia tu. Kwangu hilo linatisha kuliko filamu nyingi za mamilioni.

Mwenye roho nyepesi asijaribu. Aliyeiona aniambie: yule kijana anayewafokea wenzake mwishoni kwamba walikosa ujasiri, mlimwelewaje?